Bwawa la Baba Kipchoge

Silibwet,
12 Februari 1995

Shemeji Mwalimu Kepher,

Chamgei, wewe na Mama Dolphine. Salamu zetu zimekuwa haba, si kwa kuwasahau bali kwa kukosa mikono.

Baba Kipchoge alianguka mwezi wa Novemba akivua viatu vya shambani. Kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakamwacha karibu yote. Anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini kinywani yamebaki machache: "acha", "ndiyo", "chai", "kesho". Tulilala hospitalini hadi Krismasi ikapita.

Daktari wa viungo alinieleza kwamba mguu uliokufa nchi kavu unaweza kuamka ndani ya maji, kwa sababu maji humbeba mtu. Alisema pia kwamba asipotembezwa majini kabla ya mwaka kuisha, mshipa wa kisigino utajikunja na hautanyooka tena. Atakuwa mtu wa kiti mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama, karibu na kwenu kuna bwawa la kuogelea?"

Nilitaka kucheka. Unalikumbuka bwawa letu. Alilichimba alipostaafu umeneja wa mashamba ya chai, kwa sababu kila nyumba ya meneja huko Kericho ilikuwa nalo, na yeye hakutaka kurudi Silibwet akiwa pungufu. Leo ni supu ya kijani. Fundi alikuja akamwaga dawa. Maji yalikuwa meupe siku chache, lakini nilipomwosha mzee mkono kwa maji hayo ili nijaribu, ngozi ilitoka malengelenge.

Ndipo nilipokumbuka kile kidimbwi chako nyuma ya maabara ya shule, chenye matete, ambacho kilijisafisha bila dawa. Nimemuuliza Kipchoge, maana ulimfundisha. Anachokumbuka ni vyura tu.

Nifundishe basi. Tangu mzee wangu Robert alipowapeleka huko Nyakach kwa lori mwaka wa tisini na mbili, wakati wa mapigano ya makabila yetu, hatujaonana. Ukiweza kuja mwenyewe, itakuwa furaha kubwa.

Ni mimi,
Chepngetich, Mama Kipchoge


Nyakach,
25 Februari 1995

Mpendwa shemeji,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mwambie Robert kwamba kijana wake anamsalimu. Unajua alivyoniita kijana mbele ya wageni wote, kwa kuwa sisi watu wa ziwani hatukupita katika jando lenu. Nami nilimwita samaki wa kikombe, kwa sababu kando ya bwawa lake sikumwona na kitu kingine ila kikombe cha chai.

Sasa sikiliza. Nitaeleza kama mwalimu, maana ugonjwa huo haujanitoka.

Maji ya bwawa hayaharibiwi na matope. Matope hutulia chini. Kinachoyaharibu ni chakula: jani lililoanguka, vumbi, jasho, kinyesi cha ng'ombe kinacholetwa na mvua, na zaidi ya vyote mbolea ya chai. Palipo na chakula atakuja mlaji. Usipomchagua mlaji wewe, atakuja yule wa kijani. Dawa ya fundi huwaua walaji wote, wabaya na wema, na chakula hubaki palepale kikingoja. Ndiyo maana inabidi kuitia kila wiki.

Sisi tutaandaa meza mahali pengine. Chimbeni shimo la pili kando ya bwawa, upande wa juu, lenye upana usiopungua nusu ya bwawa lenyewe, na kina cha kufika kiunoni. Litandikeni karatasi nzito ya nailoni lisivuje. Lijazeni kokoto zilizooshwa, kubwa chini na ndogo juu. Udongo usiingie hata kiganja kimoja, maana udongo nao ni chakula. Juu ya kokoto pandeni matete na mafunjo kutoka mtoni, mkiosha mizizi mpaka iwe myeupe kama meno.

Pampu iyavute maji kutoka kule kwenye kina kirefu cha bwawa na kuyapeleka chini kabisa ya kokoto. Yapande polepole, kama mtu anayesalimia kila mlango. Yakifika juu, yapite kwenye jiwe bapa na kuanguka tena bwawani. Mwanguko huo si urembo. Maji yanapoanguka hubeba hewa.

Baada ya wiki kadhaa kila kokoto itavaa utelezi mwembamba. Usiuchukie. Huo ndio chujio lenyewe. Ni viumbe wadogo wasioonekana, nao hula uchafu na kuwapa matete kilichobaki. Wanapumua kutoka katika maji yanayopita, kwa hivyo pampu, hata ikiwa ndogo, isilale usiku wala mchana.

Na baridi ya Bomet naijua. Kabla maji hayajarudi, sehemu yake ipitisheni katika mpira mweusi uliokunjwa juu ya mabati ya zizi. Jua la adhuhuri litafanya kilichobaki.

Ningekuja mwenyewe, ila goti langu la kushoto limekuwa mkaidi tangu mvua za mwaka jana.

Wako,
Kepher Ogola


Silibwet,
30 Aprili 1995

Shemeji Mwalimu,

Tumechimba. Kipchoge alichukua likizo yake yote. Kokoto tulizitoa mtoni kwa mkokoteni wa punda, tukaziosha kwenye karai mpaka kucha zangu zikalainika. Matete tuliyapata bondeni, na mafunjo akaleta binamu yangu wa Boito, akiuliza kama siku hizi tunapanda magugu na kung'oa chai.

Pampu inafanya kazi. Usiku naisikia ikinguruma kama mtu mwenye kifua. Stima ikikatika, naamka kwa sababu ya ule ukimya.

Lakini maji bado ni ya kijani, tena yamezidi. Je, tumekosea wapi?

Mzee yuko vizuri, anaendelea. Namtoa nje kila alasiri akae karibu na maji.

Pole na goti.

Chepngetich


Nyakach,
11 Mei 1995

Mpendwa shemeji,

Hamjakosea. Mlaji wa kijani huzaliwa kwa siku chache, lakini wale wa kwenye kokoto huhitaji miezi. Anayekaa jikoni akiwa na njaa huona ugali hauivi. Usibadilishe maji. Ukiyabadilisha, unaanza safari upya.

Hata hivyo nenda utazame jambo moja wakati mvua inanyesha. Chai yenu iko upande wa juu wa bwawa. Mnatia mbolea mvua ikianza, kama kila mtu, na mvua hiyo hiyo huibeba. Chimbeni mtaro wa kuyageuza maji ya mteremko yaende kwenye majani ya nepia. Ng'ombe watawashukuru.

Nafurahi kusikia anaendelea. Je, anaelea? Mguu wa kulia unagusa sakafu wenyewe, au mnauinua? Niandikie yote. Mimi huwaza jinsi anavyokunja uso maji yakimfika tumboni, nacheka peke yangu mpaka Mama Dolphine ananiuliza nimekula nini.

Kepher


Silibwet,
19 Juni 1995

Mwalimu,

Leo nimechoka mpaka kwenye mifupa, nisamehe mwandiko.

Mtaro tulichimba, na kufikia mwisho wa Mei maji yalianza kuonyesha sakafu. Nilitaka nikuandikie kwa furaha. Kisha Jumamosi nikampeleka mzee kliniki ya Bomet, tukachelewa. Watu wa kanisa letu pamoja na majirani walikuwa wamepanga kuja kuniombea na kunisaidia kazi, kama tufanyavyo nyumba ikipata ugonjwa. Hawakuniambia. Walitaka nirudi nikute raha.

Nilirudi nikakuta raha. Walikuwa wamefyeka matete yote na mafunjo yote, wakawakatia ng'ombe wangu. Kokoto za juu walizitoa moja moja, wakazisugua kwa brashi na sabuni ya unga, wakazipanga upya zinang'aa. Pampu waliizima ili isipoteze stima bure.

Dada mmoja, Mellen, mke wa mwalimu mkuu, alinishika mikono yote miwili. "Mama Kipchoge, tumeona umelemewa. Hata magugu yamekushinda! Na hayo mawe yalikuwa na utelezi, aibu, mgonjwa angeanguka."

"Ahsante," nikasema. Walikuwa wamechubuka vidole. Niliwapikia chai, wakaimba, wakaomba, wakaenda. Povu lilikuwa bado limekaa juu ya jiwe bapa.

Kipchoge alipiga teke ndoo, kisha akaenda kuiokota.

Sina nguvu ya kuanza tena. Niambie kama kuna njia fupi.

Chepngetich


Nyakach,
28 Juni 1995

Shemeji yangu,

Njia fupi haipo. Ingekuwapo ningekuwa nimeipita mimi kwanza, maana nami ni mzee na nimechoka.

Usiwachukie. Kwa macho yao matete ni malisho na utelezi ni uvivu wa mwenye nyumba. Nilifundisha miaka mingi na hakuna somo lililonishinda kama hilo, kwamba kuna uchafu unaosafisha. Mwite huyo dada Mellen. Mweleze kama nilivyokueleza, na umwombe aje kupanda. Aliyeharibu kwa upendo hupanda vizuri.

Sabuni lazima itoke. Mwageni maji yote ya shimo la kokoto kwenye nyasi, suuzeni mara nyingi kwa maji ya mvua mpaka povu liishe. Mashina ya matete yaliyofyekwa yataota, mizizi haijafa. Na chukueni ndoo ya mawe yenye utelezi kutoka kijito kisafi, mtandaze mawe hayo kati ya yale yaliyosuguliwa, matope myaache hukohuko. Ni kama kuazima hamira kwa jirani. Tutaokoa mwezi mmoja au zaidi kwa njia hiyo.

Hukunijibu kuhusu mguu. Anaelea?

Kepher


Silibwet,
14 Agosti 1995

Shemeji Mwalimu,

Mellen amepanda kila shina kwa mkono wake, na sasa ndiye anayefukuza watoto wa watu wasitupe mawe. Kereng'ende wamekuja. Jana kijiko kiliniponyoka kikazama kwenye kina kirefu, nami nikasoma nembo iliyo kwenye mpini nikiwa nimesimama juu.

Kwa hiyo sina tena pa kujificha. Mwalimu, hajaingia. Hata siku moja. Nilikuandikia habari za maji kwa sababu hizo ndizo habari pekee zilizokuwa zinaendelea.

Robert hajui kuogelea. Hajawahi kuingia katika bwawa lile tangu alipolichimba. Wageni walioga, yeye akashika kikombe. Miaka yote hii nilijua mimi peke yangu.

Kipchoge alijaribu kumshika, lakini mzee aligeuza uso. Mtoto wa kiume hawezi kumbeba baba yake akiwa hana nguo, hilo unalijua, na mimi mikono yangu haimwezi. Nikawaita watu wa ibinda lake, wale waliotahiriwa pamoja naye. Walikuja wanne, wazee wenye mikono imara. Akavaa koti na kofia. Wakamwambia, "Twende, ndugu." Akasema, "Kesho." Kesho yake wakarudi. "Kesho." Mwishowe hawakurudi.

Hapo nikaelewa. Hao ndio waliosimama naye siku ile ya kisu, na hakuna aliyepepesa jicho. Anayepepesa siku hiyo hubeba aibu hadi kaburini. Sasa atetemeke mbele ya macho yale yale, kwa sababu ya maji yanayomfika kifuani? Afadhali kiti.

Daktari amemshika kisigino wiki iliyopita. Anasema kimeanza kukaza.

Jana nilimuuliza, "Basi unamtaka nani?" Alihangaika sana, mate yakamtoka. Kisha akasema jina moja, wazi kabisa: "Kepher."

Chepngetich


Nyakach,
22 Agosti 1995

Mpendwa shemeji,

Nimesikia uzito wa barua yako. Goti bado. Lakini nimefikiri, na naona mnaweza kufanya bila mimi. Mwili ulio majini hupungua uzito sawasawa na uzito wa maji unayoyasukuma kando, kwa hiyo mtu mzima, maji yakimfika shingoni, hubaki mzigo wa mtoto mchanga. Anayemshika asimame nyuma, mikono ikipita chini ya kwapa. Asimvute. Amwache atafute sakafu mwenyewe. Labda daktari wa viungo ana msaidizi, mtu mgeni kwenu, ambaye...

Nitaandika tena goti likipoa.

Kepher


Nyakach,
24 Agosti 1995

Mama Kipchoge, dada yangu,

Ni mimi, Mama Dolphine. Mimi si mtu wa barua, nitasema tu. Goti la Mwalimu halina kitu. Juzi alimkimbiza mbuzi mpaka mtoni.

Mwaka ule tulipotoka Kericho, mume wako alituficha chini ya turubai, magunia ya chai juu yetu. Darajani Sondu watu wenye mikuki na pinde walisimamisha lori. Robert alishuka, akasimama mbele yao, akaongea nao Kikipsigis kwa muda mrefu. Sisi tulisikia sauti tu, hatukuelewa kama anatuombea au anatutoa kwao. Mwalimu alinishika kifundo cha mkono mpaka kikavimba. Kisha lori likaondoka.

Tangu siku hiyo Mwalimu hajavuka daraja lile. Mwaka huu, tangu barua yako ya kwanza, ameondoka hapa mara kadhaa amevaa koti zuri. Hufika stendi, hutazama magari ya Kericho, hurudi. Huniambia alikwenda kununua betri za redio. Tuna betri za kutosha wilaya nzima.

Wakati mwingine ni mimi niliyemshika koti. Usimlaumu peke yake. Usimwambie nimeandika.

Akeyo


Silibwet,
4 Septemba 1995

Shemeji Mwalimu,

Asante kwa maelezo ya uzito wa maji. Msaidizi wa daktari ni mtoto wa kaka yake Robert, kwa hivyo hapana.

Ijumaa ya tarehe kumi na tano Kipchoge atakuwa na kazi Sondu. Ataegesha pikapu upande wenu wa daraja, karibu na wauza samaki, kuanzia saa nne asubuhi. Ukiwepo, mtakuja pamoja. Usipokuwepo, atanunua samaki arudi, na hakuna mtu hapa atakayekuuliza neno.

Kipchoge anasema mwezi ukiisha bila mzee kuingia, atalijaza bwawa udongo tupande nepia. Sikumkatalia. Nimechoka kuangalia maji mazuri yasiyo na mtu.

Chepngetich


Silibwet,
17 Septemba 1995

Mama Dolphine, Akeyo wangu,

Nimefika. Najua hujalala.

Pale darajani Kipchoge alinifungulia mlango. Aliwasha gari, kisha akaniwekea mapajani karatasi yenye samaki, ngege watatu wabichi. "Washike, Mwalimu, wasiteleze." Nikawashika kwa mikono miwili mpaka Kapsoit, na nilipoinua macho, daraja lilikuwa nyuma zamani. Suruali inanuka, utanisamehe.

Robert amekuwa mdogo. Nilimsalimu, akasema, "Chai." Tukanywa.

Jana, jua lilipokuwa juu, Chepngetich aliwaondoa watu wote. Wanawake aliwapeleka jikoni, Kipchoge akatumwa Boito kwa jambo ambalo hata yeye alijua si la kweli. Tukabaki wawili. Nilivaa ile kaptula ya zamani nikaingia kwanza. Akeyo, mpira mweusi umefanya ulichoweza, lakini maji ya huku ni barafu iliyosahau kuganda. Nilipiga kelele. Nikamwona anacheka kwa nusu ya uso.

"Haya, samaki wa kikombe," nikasema, "zamu yako."

"Kesho."

"Kesho nitakuwa kwangu nakula hawa ngege."

"Acha."

"Acha wewe! Nimevuka daraja lile kwa ajili yako, na wewe unaogopa ngazi tano?"

Akazitazama ngazi. Kisha akaanza kujivua koti kwa mkono mmoja. Sikumsaidia. Ilichukua muda.

Nilimshusha nikiwa nyuma yake, mikono chini ya kwapa, kama nilivyowaandikia. Maji yalipomfika tumboni, alianza kutetemeka. Kidevu kikacheza. Halafu akalia, Akeyo, kwa sauti, kama mtoto anayeoshwa asubuhi, akanishika shingo kwa ule mkono mzima akanizamisha. Nilimeza maji mengi. Ni masafi, naweza kushuhudia. Tulipoibuka alikuwa bado analia, nami nikageuza uso nikatazama matete mpaka akamaliza.

Nimefundisha maisha yangu yote na sasa nimeelewa kwa nini aliniita mimi. Watu wake wote wana hesabu yake, tangu ujana hadi leo. Mimi siko katika hesabu hiyo. Mbele yangu anaweza kuogopa na bado akabaki mzee kamili. Hata nami, nadhani, ningeweza kumwambia habari za chini ya turubai. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikujua siku ile kama anatuombea au anatutoa. Alinitazama kwa mshangao mkubwa, kisha akanipiga kofi dogo la maji usoni.

Hakutembea, usije ukawaambia watu ametembea. Alisimama. Nilihisi uzito wake ukiondoka mikononi mwangu kidogo kidogo, nikatazama chini, na kwa kuwa maji yako wazi niliona kila kitu. Mguu wa kulia ulikuwa unatafuta sakafu, vidole vikijikunja na kunyooka kama vya mtu anayepapasa njia gizani. Vikagusa. Vikashika. Nilihesabu pumzi chache, kisha magoti yakamwisha nikamdaka.

Nilidhani atasema "acha." Alitikisa kichwa, akahangaika na mdomo, akatoa neno ambalo Chepngetich anasema hajalisikia tangu Novemba.

"Tena."

Tulirudia mpaka midomo yake ikawa ya bluu na mimi sikusikia miguu yangu. Leo asubuhi, kabla ya kanisa, alikuwa ameshajivua koti, akingoja.

Daktari anasema kazi hii ni ya kila siku, hadi mwisho wa mwaka, na hata hapo hawezi kuahidi. Nimechoka kuliko nilivyochoka tangu niache chaki. Usinitegemee Jumamosi, wala Jumamosi ya baadaye. Kijana wetu Calvince akipanda huku kwa biashara yake, mpe kaptula nyingine aniletee. Hii moja haikauki katika baridi hii.

Wako,
Kepher